Mbegu za Mlonge wa Babu

Riyadh, Ijumaa, 3 Septemba 2021

Mpenzi Shangazi Huda,

Hii ni Ijumaa ya kwanza tangu skuli kufunguliwa, na nimeapa kukueleza kila kitu bila ya kuficha, kizuri na kibaya, nami nakuomba uniandikie hivyo hivyo.

Shikamoo. Mama anakusalimu sana na anasema kanzu uliyomshonea imekuwa pana, lakini si kosa lako, yeye ndiye aliyepungua. Baba hakuniambia nikusalimu. Ila aliniona nikiandika na hakuniambia niache, kwa hivyo nadhani naye anakusalimu. Kazi yake kule ghalani Al-Sulay inaendelea. Barua hii ataileta Laban, yule dereva Mkenya wa lori linalokwenda Jidda. Amesema, "Sawa, lakini usiniulize nimeona nini. Mimi ni dereva, si redio."

Skuli tumerudi madarasani baada ya mwaka mzima na zaidi wa kusomea kwenye simu. Tumekaa mbalimbali, kila mtu na meza yake, na barakoa zinatufanya sote tuonekane na macho makubwa.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, kwani ulinifundisha kwamba jambo halitangulii salamu.

Mwezi wa Machi skuli itapanda mti mbele ya geti, pale tunaposubiri kuchukuliwa adhuhuri, ambapo hakuna kivuli hata cha kumtosha paka. Fundi wa bustani anataka kupanda damas, kama ilivyo barabara nzima. Mwalimu wetu wa sayansi, Abla Maha, hataki. Anasema damas si mti wa nchi hii na mizizi yake huingia kwenye mabomba. Anataka mti wa hapa hapa, ambao watu wameusahau. Msichana yeyote anaweza kuleta mche, kwa sharti awe ameuotesha mwenyewe kwa mbegu na uwe hai siku ya kupanda.

Nilisimama nikasema kwamba mlangoni kwa Babu, huko Ghulail unakokaa, kuna mlonge. Darasa likacheka jina. Abla akaniuliza ukoje, nikamwambia: shina jeupe kama limepakwa chokaa, vijiti vyembamba kama vya ufagio, maua ya waridi yanayonukia, na maganda marefu yanayoning'inia. Akapiga makofi. "Samia, huo ni mti wa bani! Huota kwenye majabali ya Hijazi. Zamani watu wakikamua mbegu zake kwa mafuta ya manukato. Mjini hapandi mtu."

Kumbe si mlonge wa Unguja, ni binamu yake wa milimani! Babu aliuleta ukiwa mbegu kutoka njia ya Taifu akauita mlonge kwa sababu ulimkumbusha kwao.

Shangazi, unajua kwamba Babu alipofariki njia zilikuwa zimefungwa kwa maradhi na sikuwahi kumzika. Nataka kitu chake kiwe mahali ninapopita kila siku. Naomba mbegu, na uniambie mti u hali gani.

Mwanao,
Samia Hamdun


Jidda, 17 Septemba 2021

Mwanangu Samia,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka dizeli na machungwa. Umeandika vizuri, ila mstari wa nne herufi zako zimelaliana kama abiria waliochoka. Kaa kitako unapoandika, usilale tumboni. Najua unalala tumboni.

Habari za hapa ni njema. Joto ni lile lile, unyevu ni ule ule, ukianika nguo asubuhi unaianua jioni imelowa zaidi. Cherehani yangu inakohoa lakini inakwenda. Jirani yangu Mhausa amemwoza binti yake na tumekula mpaka tukashindwa kuinuka. Mwambie mama'ko asipungue tena, kitambaa ni ghali.

Nimekutilia mbegu katika kitambaa cha kanga. Hizo zenye pembe tatu usizitupe ukidhani ni mbovu, ndivyo zilivyo.

Huyo Abla wako ana elimu yake, Mungu amzidishie. Lakini mlonge ni mlonge. Babu yako aliuita mlonge miaka yote na mti haukumkatalia. Mimi nimekua na milonge, mama yangu akitupikia majani yake kwa nazi. Kwa hiyo nisikilize mimi: tia mbegu kwenye udongo mweusi, mwagia asubuhi na jioni. Mlonge hupenda maji kama bata. Ukifika kiunoni, ukate kichwa upate kutanua.

Mti u pale pale mlangoni. Ungekwenda wapi?

Mwambie baba'ko... basi, usimwambie kitu.

Shangazi yako,
Huda


Riyadh, Ijumaa, 22 Oktoba 2021

Mpenzi Shangazi,

Shikamoo. Sote hatujambo. Mama amenunua feni mpya na Baba ameifunga kinyume, ikawa inavuta vumbi badala ya kutoa joto. Tulicheka, naye akacheka baadaye.

Zimeota! Mbegu zote ulizoniletea zimetoka, isipokuwa moja. Nimezipanga darini juu, penye tangi la maji, kwenye makopo ya maziwa ya unga, na moja kwenye chungu cha Mama cha mrehani. Majani yake ya mwanzo ni mapana na laini, si vijiti kama vya mti wa Babu. Abla Maha anasema utotoni hujivika majani, ukubwani huyavua.

Namwagia asubuhi na jioni kama ulivyosema. Lakini Abla aliponiuliza nikamwambia, alishtuka. Amesema mti wa majabalini humwagiwa kidogo, kisha huachwa mpaka udongo ukauke kabisa. Nikamwambia shangazi yangu amekua nayo. Akasema, "Amekua nayo hii, au amekua na ile ya kwao?" Tafadhali nijibu wewe, maana majani ya chini yameanza kuwa manjano.

Jambo la pili. Wasichana skuli wanasema mitaa ya Jidda inavunjwa ili ijengwe upya, na mmoja alitaja Ghulail. Nilimwuliza Baba. Akasema, "Shangazi yako ana mdomo. Muulize mwenyewe." Basi nakuuliza: ni kweli?

Na jambo la tatu: wewe na Baba mna nini?

Mwanao,
Samia


Jidda, 5 Novemba 2021

Mwanangu,

Marahaba. Habari za hapa njema kabisa.

Majani manjano maana yake ni kiu. Ongeza maji. Riyadh ni kukavu, si kama huku, mti unakunywa mara mbili. Abla wako amesoma milonge kwenye vitabu, mimi nimeila.

Ya wasichana wa skuli waachie wenyewe. Mji mkubwa hauna siku bila vumbi. Wewe shughulikia masomo yako.

Baba'ko ni kaka yangu na mimi ni dada yake, hakuna zaidi.

Kuanzia sasa Laban asije tena dukani kwangu pale nyumbani. Barua ampe Roseline, mpishi katika nyumba moja kule Al-Hamra. Madam wa Roseline amenipa mapazia ya nyumba nzima niyashone, dari zake ndefu kama za msikiti, kwa hiyo nashinda huko. Roseline anapika chapati za kwao Kenya, nene hivi, nimemwambia hizo si chapati, ni magodoro. Akaniambia, "Shangazi, godoro si ndio unalala vizuri?" Ana majibu yule.

Herufi zako zimeinuka. Vizuri.

Huda


Riyadh, Ijumaa, 3 Desemba 2021

Shangazi Huda,

Shikamoo. Mama mzima, Baba mzima, mimi mzima. Miche si mizima.

Niliongeza maji kama ulivyosema. Wiki iliyofuata shina la kwanza lililala. Nililishika likatoka mkononi mwangu kama uzi wa tambi, na chini kulikuwa na kitu cheusi kinachonuka. Kisha mwingine, kisha mwingine. Nilimpelekea Abla Maha kopo moja alione. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Umeuzamisha, binti yangu." Darasa zima likasikia.

Umebaki mmoja, ule wa kwenye chungu cha mrehani. Umebaki kwa sababu Mama alichoshwa na maji yanayotiririka ngazini, akausukuma nyuma ya tangi, nami nikausahau. Ule niliousahau ndio ulio hai! Ile niliyoitunza kwa maneno yako yote imeoza.

Sisemi haya kwa utovu wa adabu. Ulinifundisha kusema kweli kwa sauti ya chini, na hapa nimeandika kwa herufi ndogo.

Naomba mbegu nyingine. Mti mzima unao mlangoni na maganda yamejaa, ukinyoosha mkono tu unayafikia. Nitazitia kwenye changarawe na nitazifanyia uchoyo wa maji. Na maswali yangu mawili ya barua iliyopita bado hayajajibiwa. Nasubiri.

Samia


Jidda, 7 Januari 2022

Mwanangu Samia,

Marahaba. Habari njema. Mvua ilinyesha siku moja, njia zikawa mito, kisha jua likatoka kama halikufanya kitu.

Pole kwa miche. Mbegu hakuna. Msimu umekwisha.

Mapazia bado yananiweka. Soma kwa bidii.

Huda


Riyadh, Ijumaa, 21 Januari 2022

Shangazi Huda,

Shikamoo. Kwetu baridi kali, Mama ametoa mablanketi yote na Baba anakwenda ghalani amevaa makoti mawili, anatembea kama mtu aliyemeza mlango.

Barua yako niliisubiri mwezi mzima na ilikuwa fupi kuliko maelezo ya dawa ya kikohozi. Niliigeuza nyuma nikitafuta iliyobaki.

Unasema msimu umekwisha. Nimeuliza. Maganda ya bani hukaa mtini muda mrefu, hata yakipasuka mbegu huanguka chini ya mti. Tulikuwa tukiziokota na Babu wakati wa baridi, mimi na yeye, tukichezea bao. Ungeweza kumtuma mtu ainame tu. Kwa nini hutaki kuniletea?

Na ule mche wa nyuma ya tangi umepukutika. Kwanza majani, kisha shina likakauka kutoka juu kushuka chini, mpaka jana limevunjika lenyewe kwa upepo. Sasa ni chungu cha udongo. Sikumwagia maji mengi, wallahi. Nilifanya kila nililoambiwa na Abla, kama nilivyofanya kila nililoambiwa nawe, na mwisho umekuwa mmoja. Nimechoka kuambiwa na wakubwa wawili wanaojua.

Siku ya kupanda ni mwanzoni mwa Machi. Fundi wa bustani ameshaleta damas, umekaa kwenye mfuko wake mweusi karibu na geti, mrefu kuliko mudira, mkuu wetu wa skuli, kama umekuja kunicheka.

Niambie nifanye nini.

Samia


Jidda, 18 Februari 2022

Mwanangu,

Marahaba.

Mti uliokufa umekufa. Mwaga udongo, osha chungu, mrudishie mama'ko apande mrehani wake. Ukikaa kuulinda udongo mtupu utajiumiza bure, na wanaokuona watakuonea huruma, na huruma ya watu ni kitu kizito kubeba.

Waache wapande damas. Kivuli ni kivuli.

Habari za hapa njema.

Huda


Riyadh, Ijumaa, 18 Machi 2022

Mpenzi Shangazi Huda,

Shikamoo. Leo nitaandika mpaka niishe, hata kama wewe hutajibu ila mistari mitatu.

Sikuumwaga udongo. Sijui kwa nini. Pengine ni ubishi, na Mama anasema ubishi huo nimeurithi kwako. Siku ya kupanda nilikibeba chungu mpaka skuli nikakishika kwa mikono miwili, nikasimama foleni na wenzangu. Mudira alifika kwangu akainama, akatazama ndani.

"Samia, umetuletea udongo?"

"Ni bani, Abla."

"Uko wapi?"

Wasichana walicheka. Mmoja akasema, "Labda ni mti wa aibu, umejifunika!" Nilimtazama Abla Maha anisaidie, naye alikuwa ameinamisha macho. Sharti lilikuwa mche hai, na sharti aliliweka yeye mwenyewe. Wakapanda damas. Walinipa hata mimi koleo nitie udongo kidogo, ili picha ipendeze. Nilitia. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiwaka, na nikatia.

Nyumbani nilichukua kijiko nichimbue, niutupe kama ulivyosema. Kijiko kikagonga kitu. Ndani kuna kiazi, Shangazi, cheupe, kigumu, kinene kama figili. Nilikikwaruza kwa ukucha na ndani ni kibichi, kina harufu kali inayopanda puani. Nilimpigia Abla simu. Akasema amesoma kwamba bani ukiwa mdogo hujificha chini msimu mbaya, shina lote hufa, na asiyejua huutupa. "Nililisoma," akasema, "lakini sikulikumbuka siku ile." Sasa nikamwambie nini? Geti lina damas. Nimekifunika kiazi changu udongo na sijui kama kitatoka au hakitatoka.

Hiyo ndiyo habari yangu mbaya, na nimekueleza yote. Sasa nakueleza yako.

Jumamosi nilikwenda Al-Sulay na Baba. Laban alikuwa anafunga turubai la lori. Nikamwambia, "Laban, huu ni wakati wa maua. Ukifika Jidda nenda Ghulail, unipigie picha mlonge wa Babu nimwoneshe Abla."

Akaendelea kufunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa.

"Mti upi, Samia?"

"Ule wa mlangoni. Wewe si umeegesha chini yake?"

"Aki, Samia." Akavua kofia. "Pale sahii ni uwanja. Unasimama hapa, unaona mpaka kule. Hakuna mlango, utapataje mti wa mlangoni? Ni tangu mwezi wa kumi na moja."

"Na Shangazi?"

"Shangazi yako aliniapisha. Lakini hakuniapisha nidanganye. Analala kwa chumba cha Roseline, kitanda kimoja, wanapeana zamu. Cherehani iko kwa korido, imefunikwa shuka. Mapazia yaliisha kitambo."

Baba alikuwa nyuma yangu. Sikujua.

Shangazi, Babu alikuwa akinichekesha kwamba Mzanzibari hata nyumba ikimwungulia, ukimwuliza habari atajibu "njema", halafu ndipo atasema "ila nyumba imeungua." Akasema ndiyo adabu yetu: njema kwanza, ila baadaye. Nimezipanga barua zako zote juu ya kitanda. Njema zipo, zote. Ila haimo hata moja. Umechukua nusu ya adabu ukaniachia mimi nikuombe mbegu za mti usiokuwepo, mwezi baada ya mwezi, na unaniambia msimu umekwisha. Nimekasirika sana. Nilikuwa nikikuandikia kama mtoto anayedai pipi, na wewe huna mlango.

Usiku, wakati wa chakula, ndipo Baba aliposema, na hakumwambia mtu hasa, aliuambia mkate:

"Nilimwambia ahame mapema. Akaniambia nyumba ya Babu haiachwi. Nikamwambia, basi kaa nayo."

Mama akamwuliza, "Na sasa?"

"Sasa nimwite nimwambie nini? Kwamba si nilisema mimi?"

"Mwambie chumba kimepakwa rangi."

"Hakijapakwa."

"Basi kipake," akasema Mama, akaondoa sahani.

Jana alitoa makatoni yote katika chumba cha nyuma. Leo baada ya swala amerudi na debe la rangi, na ameipaka mpaka kwenye swichi ya taa, na dirisha limegandana halifunguki. Sasa amekaa sebuleni ana madoa meupe ndevuni. Nilimwuliza kama anataka kukuandikia mwenyewe. Alisema hana mwandiko. Nikamwuliza kama nikuombe uje. Akasema usiombwe, maana ukiombwa utakataa, na ukikataa atakasirika, na akikasirika atasema tena lile neno.

Kwa hiyo sikuombi. Cherehani Laban ataichukua kwenye lori, tumeshakubaliana, na hataki malipo, anataka Roseline ampe chapati za njiani. Ramadhani imekaribia na Mama anasema hawezi kukunja sambusa za watu wanne peke yake. Tumekwisha kujihesabu wanne.

Liko swali moja tu ambalo Baba ameniambia nikuulize, na nakuomba jibu lirudi na Laban safari hii hii, hata kwa neno moja, ili ajue pa kukupokea: utakuja kwa basi au kwa ndege?

Mwanao,
Samia Hamdun